Namba ya Marehemu

Sehemu ya Saba: Hodi ya Najma

Msomaji, najua umenuna. Tangu Jumapili simu za chumba cha habari hazipumziki, kila mtu anataka kujua ni nani anayegonga ule mlango wa kule Doha, mtaa wa Najma. Bwana mmoja wa Singida amenitukana kabisa. Haya, nimekubali makosa, sogea tugonge pamoja.

Kwa anayetusoma leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Kerubo, nesi kutoka Kisii anayefanya kazi Doha, amefiwa na kaka yake Nahashon, aliyekuwa tarishi wa kampuni ya barua na vifurushi. Gari lilimgonga mtaa wa Muaither akiwa na mizigo mikononi, dereva akakimbia. Wiki kadhaa zimepita. Asubuhi ya leo simu ya Kerubo imeita, na kwenye kioo limetokea jina la Nahashon. Alipopokea, sauti ya kiume ikamwambia: "Niko njiani, dada. Nakuja."

Kabla hajaishusha simu sikioni, mlango ukagongwa.

Ukagongwa tena.

"Usifungue," Kerubo alisema.

Pamela, Mkenya mwenzake anayekaa naye chumba kimoja, alikuwa anakaanga mayai. Alitoka jikoni na kikaango mkononi.

"Kwani ni nani?"

"Ni Nahashon."

"Kerubo. Nahashon alikufa."

"Najua alikufa. Lakini jina lake liko hapa, angalia mwenyewe. Amesema anakuja."

Pamela aliangalia. Jina lilikuwepo kweli, na saa ya simu ilikuwa ya muda ule ule. Lakini Pamela ni mtu wa kufanya kwanza, kuogopa baadaye.

"Mzimu haubishi hodi," alisema. "Ungekuwa umeshaingia."

Akafungua mlango kwa mkono mmoja, kikaango kikiwa juu kwa mkono wa pili, mayai yakimwagikia zulia.

Nje alisimama mwanamume mwembamba mwenye kofia ya kazi, shati limelowa jasho mgongoni, bahasha kubwa kwapani. Alirudi nyuma hatua moja alipoona kikaango.

"Samahani, dada zangu. Nina bahasha ya mtu anayeitwa Kerubo. Nimempigia sasa hivi."

"Wewe ndio umempigia?"

"Mimi. Nilikuwa napanda ngazi, bakala, hapo dukani chini, wameshanionyesha mlango."

Kerubo alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuitazama bahasha. Alikuwa anaitazama simu iliyochungulia kwenye mfuko wa shati la yule mtu.

"Hiyo simu umeipata wapi?"

"Ya kazini."

"Ya kaka yangu."

"Hapana, dada, hii ni ya kampuni. Mimi nimepewa pamoja na..." Hakumaliza. Ilimwingia. Alivua kofia. "Wewe ni dada yake Nahashon?"

Yule mwanamume akaketi kwenye ngazi bila kukaribishwa.

Huyu anaitwa Rashidi, mtu wa Tanga, na kabla hujamchukia ngoja nikueleze jambo moja la kazi yake.

Miaka ile nyumba za Doha hazikuwa na namba ya kumsaidia mtu. Ukimuuliza mwenyeji anakaa wapi, atakwambia nyuma ya msikiti, geti la kahawia, ukiliona tangi la maji ujue umepita. Tarishi hatafuti nyumba. Anampigia mwenye nyumba, mwenye nyumba anampigia yeye, wanaelekezana hivyo mpaka waonane kwa macho. Namba ya simu ndiyo anwani. Ndiyo maana laini ya tarishi haifungwi. Laini ni ya eneo, si ya mtu. Tarishi akihama, akifukuzwa, au akifa, laini anapewa anayemfuata, pamoja na gari na wateja wote.

Na wateja wote, kuanzia Najma hadi Muaither, walikuwa wameihifadhi namba ile kwa jina moja.

"Wiki ya kwanza nilikuwa nasema mimi ni Rashidi," alieleza, macho yakiwa chini. "Wakawa wananikatia. Wengine ni wanawake wako peke yao nyumbani, hawawezi kumwelekeza mgeni. Vifurushi vinarudi ofisini, mudir, meneja wetu, ananigombeza. Akaniambia usiwaeleze watu habari za kifo, wewe sema Nahashon, khalas, basi. Nikasema Nahashon."

"Kila anayepiga?" Kerubo aliuliza.

"Kila anayepiga. Nahashon hapa, niko njiani, nakuja. Kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa Kihindi cha kuombea maji. Anayezungumza Kiswahili namjibu kwa Kiswahili."

Aliyasema hayo kama anayasikia kwa mara ya kwanza. Hakuwaambia kwamba lile jina lilikuwa limeanza kumkaa. Juzi mkewe Zuleikha alimpigia kutoka Tanga kwenye simu yake mwenyewe, si ya kampuni, na yeye akaitika, "Nahashon hapa." Mkewe akamuuliza taratibu kama anaumwa. Tangu siku hiyo Rashidi akipita barabara ile ya Muaither hupandisha vioo vya gari, na hata akivipandisha huhisi kuna mtu amekaa kiti cha pembeni. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

"Kuna mama mzee amewahi kupiga?" Kerubo aliuliza.

Rashidi alianza kukunja kofia yake.

"Nimekuuliza."

"Yupo mmoja. Hupiga mchana. Simu yake inakatika katika, namba haionekani. Anauliza, Nahashon? Nilidhani ni mama wa kazi kwenye moja ya zile nyumba kubwa. Nami namwitikia."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia shikamoo mama, niko njiani, nakuja."

Kofi lilimshukia kabla hajafunga mdomo. Pamela alimdaka Kerubo mkono, lakini la pili lilikuwa limeshaenda.

"Wee, utapigaje mtu wa kazi mlangoni?" Pamela alisema. "Majirani watafikiri ni mume wako."

Kerubo hakusikia. Alikuwa analia kwa sauti, machozi ambayo hakuyatoa tangu siku ya ajali. Nesi anayewafunga watu vidonda kila siku bila kukunja uso alilia mpaka kamasi zikamtoka, na Rashidi, shavu likimuwaka, akamwomba msamaha bila kujua bado amefanya nini.

Pamela ndiye aliyemwambia.

"Mwili wa Nahashon bado uko mochwari. Haujaenda nyumbani."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Mamake amekataa kwamba amekufa. Wazee wa ukoo wamekaa, wakasema kaburi halichimbwi kama mama hajakubali. Na kampuni yenu imesema ikifika Alhamisi familia haijatoa neno, watamzika hapa hapa, huko jangwani kwa makaburi ya wageni. Leo ni Jumanne."

"Na unajua kwa nini mama amekataa?" Kerubo alidakia. "Kila nikimpigia ananiambia, Kerubo, wacha kuniombolezea mtoto, mimi nimeongea naye. Anasema yuko njiani. Nikafikiri ni uchungu umemharibu akili. Kumbe ni wewe. Kaka yangu atalala mchangani peke yake, mbali na kaburi la baba, kwa sababu ya mdomo wako."

Rashidi alijifuta uso na kofia. Watu wengi hapo wangetafuta njia ya kuteremka ngazi. Kazi yake ilikuwa hatarini, mudir angemwita mwongo na angemwacha abebe mzigo peke yake. Lakini na yeye ana mama, na alifikiri mwili wake mwenyewe ukiwa umelala kwenye baridi ile na Tanga wanaambiwa yuko njiani.

"Mpigie," alisema. "Mpigie sasa hivi, nitamwambia mwenyewe."

Kerubo alipiga kwa simu yake, akaweka spika. Ikaita muda mrefu. Kisha kuku wakasikika, na sauti ya mwanamke mzee ikazungumza Kikisii. Kerubo akamjibu maneno machache kwa lugha hiyo hiyo, akamsogezea Rashidi simu.

"Shikamoo mama," Rashidi alianza, na mara ile ile akatamani kulirudisha neno hilo.

Upande wa pili mama aliwafukuza kuku kwanza.

"Ni wewe," mama alisema kwa Kiswahili. "Yule wa shikamoo."

"Mama, nisamehe. Mimi si Nahashon. Naitwa Rashidi, natokea Tanga. Nimepewa kazi yake na simu yake. Nilikudanganya bila kujua kuwa wewe ni nani."

"Mwanangu, ulifikiri mimi nimekosa akili?"

Rashidi na Kerubo walitazamana.

"Nahashon tangu nimzae hajawahi kuniambia shikamoo," mama aliendelea. "Kwetu hatuamkiani hivyo. Na yeye huongea na mimi Kikisii, hata akiwa na haraka. Wewe ulipofungua mdomo siku ya kwanza nilijua si mtoto wangu. Nikajua pia kwamba mtoto wangu hayuko, kwa sababu Nahashon hawezi kumwachia mtu simu yake."

"Sasa mama, kwa nini ulikuwa unapiga tena?"

"Kwa sababu ulikuwa unapokea."

Pamela aliyekuwa ameanza kuokota mayai zuliani aliacha.

"Nyumba hii ni ya mtu mmoja sasa," mama alisema. "Mchana ni mrefu. Napiga, kijana ananiamkia vizuri, ananiambia anakuja. Nilijua ni uongo. Nilikuwa naupenda, hata Kerubo nikamwambia huo huo. Basi usilie, sijakukasirikia."

Rashidi alikuwa analia kweli, kimyakimya, akigeuzia uso ukutani.

Kerubo alinyakua simu. "Mama, kama ulikuwa unajua amekufa, kwa nini umekataa? Wazee wanakungoja wewe. Alhamisi watamzika huku."

"Nimekataa kwa sababu yako wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Uliniambia umemwona kaka yako."

"Nilikuambia, mama."

"Ulimwona uso?"

Msomaji, hapo ndipo Kerubo alipoketi chini, mgongo ukiuegemea mlango.

Kwa sababu hakumwona. Siku ile aliyoitwa mochwari, nesi mzima, mtu aliyewavisha marehemu wa watu wengine sanda, alishindwa kumtazama wake. Alimwambia mhudumu amwonyeshe miguu tu. Akaona miguu miwili mirefu ya mwanamume, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiye, akatoka nje kutapika. Kisha akampigia mama na kumwambia amemwona, amelala vizuri, anafanana na aliyelala usingizi.

"Mimi nawajua kwa sauti," mama alisema. "Huyo kijana nilimjua, na wewe nikakujua. Sasa unataka nikubali kuzika miguu?"

"Mama, ni yeye. Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni. Mudir wake alikuja akathibitisha."

"Mudir hakumzaa. Na kuna jambo lingine sijakwambia, nilikuwa naogopa mtasema nimechanganyikiwa." Sauti ilishuka. "Mchana nampigia huyu wa shikamoo. Jioni, jua likianza kuzama, napigiwa mimi. Namba ni ile ile ya Nahashon. Anayeongea, anaongea Kikisii."

Rashidi aligeuka taratibu.

"Anasema nini?" Kerubo aliuliza.

"Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza ng'ombe wetu, tena kwa jina lake. Nikimuuliza uko wapi, ananyamaza, nasikia tu upepo. Sasa mimi nishike la nani? Nenda ukamwone uso, Kerubo. Ukimwona, ukaniambia ni yeye, na nikasikia kwamba husemi uongo, nitawaambia wazee wachimbe. Kama si yeye, mtoto wangu yuko mahali anahitaji msaada, na mimi sitamzikia mtu mwingine kaburini kwake."

Simu ikakatika.

"Matapeli," Pamela alisema haraka. "Hao ni matapeli wa simu, wanajua kuiga watu. Kesho atamwambia atume pesa."

"Kwa Kikisii?" Kerubo alisema. "Na anajua jina la ng'ombe?"

Rashidi alikuwa anaigeuza geuza ile simu ya kampuni kiganjani.

"Haiwezekani," alisema. "Tukimaliza kazi alasiri, simu zote tunazirudisha ofisini. Mudir anazifungia kabatini. Jua likizama, simu hii iko kwenye giza, na funguo hana mtu mwingine."

"Basi ni mudir," Pamela alisema.

"Mudir wetu ni mtu wa Misri, dada. Kiswahili chenyewe hajui neno."

Kerubo aliinuka. Mtu aliyekuwa ameketi sakafuni kwa huzuni dakika chache nyuma alikuwa sasa amevaa viatu, na machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Pamela hakukipenda. Kilikuwa ni tumaini.

"Inawezekana si yeye," alisema. "Pamela, sikuwahi kumwona uso. Inawezekana walibadilishana mashati, inawezekana mtu alimwibia kitambulisho. Inawezekana kaka yangu yuko hai."

"Kerubo, usijifanyie hivyo."

"Wewe una gari?" alimuuliza Rashidi.

Sheria ya kampuni hairuhusu tarishi kupakia mtu. Rashidi aliifikiria sheria hiyo kwa muda wa kushuka ngazi, akamfungulia mlango wa mbele. Nyuma kulikuwa na mizigo ya siku nzima, ya Muaither ikiwa imejaa hadi kwenye kioo. Pamela alikuwa na zamu ya kazi, akabaki dirishani na kikaango chake, midomo ikimchezacheza. Alikuwa anaomba.

Njiani Kerubo hakunyamaza. Alieleza Nahashon alivyo, jinsi anavyokula wali kwa mkate, jinsi anavyowachekesha wateja mpaka wanamletea tende mlangoni. Alisema alivyo, hakusema alivyokuwa. Rashidi aliitikia tu. Alikuwa amekula tende hizo hizo, kwenye milango hiyo hiyo, akiitwa jina hilo hilo. Simu ikaita mara mbili. Hakuipokea.

Getini mochwari mlinzi Mganda aliwazuia.

"Zima simu zenu zote. Hapa simu haiingii ikiwa hai."

Kerubo akazima yake. Rashidi akabonyeza ile ya kampuni mpaka kioo kikawa cheusi, akaionyesha, akaitia mfukoni.

Mhudumu alikuwa mzee wa Kerala kule India, mpole, miaka mingi kwenye kazi ile. Alimkumbuka Kerubo. Akamuuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama leo pia anataka miguu tu.

"Uso," Kerubo alisema.

Ndani kulikuwa na baridi ya kuumiza meno. Rashidi alibaki karibu na mlango, akisoma kimoyomoyo kila dua aliyofundishwa chuoni. Aliona droo ikivutwa. Aliona shuka nyeupe. Aliona mkono wa Kerubo ukishika ncha ya shuka, ukiiacha, ukiishika tena.

Akafunua.

Alitazama muda mrefu. Rashidi alimwona mabega yake tu, na mabega hayakumwambia kitu.

Kisha Kerubo akafanya kama anavyofanya kazini. Alimweka kaka yake kichwa sawa, akamfuta kitu kwenye nyusi kwa kidole gumba, akamnyoosha shuka begani. Aliinama sikioni kwake akamnong'oneza kwa Kikisii, maneno machache, ambayo mzee wa Kerala hakuyaelewa wala Rashidi hakuyaelewa. Akamfunika mwenyewe.

"Ni yeye," alisema alipogeuka. "Ni Nahashon. Nilikuwa mjinga."

Tumaini lilikuwa limemkaa muda wa safari moja tu ya gari, na kuondoka kwake kulimuuma kuliko siku ya ajali.

Walitoka nje kwenye jua la Doha lisilo na huruma na bado walikuwa wanatetemeka. Wakaenda moja kwa moja kwenye gari. Kerubo akawasha simu yake. Alikuwa na kazi moja, na alitaka aimalize kabla ujasiri haujamwisha: amwambie mama ukweli, na mama ausikie kuwa ni ukweli, ili Alhamisi isimkute Nahashon kwenye orodha ya watu wasio na mtu.

Mama alipokea kabla haijaita mara ya pili. Kerubo aliweka spika, akaongea Kiswahili ili Rashidi naye awe shahidi.

"Mama. Nimemwona uso. Ni yeye."

"Najua," mama alisema.

"Umeniamini?"

"Ameniambia mwenyewe. Amenipigia sasa hivi, tumeachana mkiwa mnatoka."

Kerubo alimtazama Rashidi. Rashidi alitoa ile simu ya kampuni mfukoni, akamwonyesha. Kioo kilikuwa cheusi. Hakuwa ameiwasha.

"Mama, hakuna mtu aliyekupigia. Simu iko hapa, imezimwa."

"Amesema umemfuta uso," mama aliendelea, sauti ikiwa tulivu kabisa. "Amesema umemwomba msamaha, kwa sababu siku ya kwanza ulimwogopa. Anasema nikwambie hana kinyongo. Hata yeye angeogopa."

Simu ilimponyoka Kerubo ikaanguka kwenye kiti cha gari. Alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Rashidi hakuhitaji kuuliza alichonong'ona kule ndani. Alikisoma usoni kwake.

"Kerubo, unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Waite kampuni, waambie mama yake amekubali. Mimi natoka sasa kwenda kwa wazee, wachimbe karibu na baba yake. Mtoto amesema amechoka na baridi. Mleteni nyumbani."

Kerubo aliitikia ndiyo, ndiyo mama, tutamleta, na alikuwa analia na kutabasamu pamoja. Rashidi naye alishusha pumzi. Lile lililowaleta hapa lilikuwa limekwisha. Nahashon atakwenda kwao. Alinyoosha mkono afunge mlango wa gari.

"Na huyo kijana wa Tanga," mama alisema, "bado yuko hapo?"

"Nipo, mama."

"Kuna neno lako. Nahashon anasema mtu aliyemgonga hakuwa mpita njia. Anamfahamu. Siku ile alisimamisha gari, akashuka, akamtazama akiwa chini bado ana pumzi, akamwita kwa jina lake. Kisha akaondoka."

"Ni nani, mama?"

"Jina hajanitajia. Amesema tu ni mtu ambaye yeye Nahashon alikuwa anampelekea barua. Tena amesema wewe unamjua. Umeshakula kwake."

Simu ikakatika, na safari hii Kerubo alipojaribu kupiga tena haikupatikana.

Rashidi alisimama palepale na mkono juu ya mlango. Tende, kahawa, glasi za maji baridi, watu wote wa Muaither waliomfungulia mageti na kumwita Nahashon huku wakitabasamu, walimpita kichwani mmoja mmoja. Mmoja kati yao alijua wazi kwamba Nahashon amekufa. Na kila alipomwita Rashidi jina hilo alikuwa anajua analitaja jina la mtu aliyemuua.

"Usiende Muaither," Kerubo alisema.

Rashidi alitazama nyuma ya gari. Mzigo wa Muaither ulikuwa umejaa hadi kwenye kioo, na kila kifurushi kilikuwa na mwenyewe anayemngojea. Asipokwenda leo, yule muuaji atajua kwamba Rashidi anajua.

Akaingia ndani, akawasha gari.